Bei za Hisa Zinapoporomoka: Mwongozo Kamili kwa Mwekezaji wa Soko la Nairobi

Mwisho wa 2021, fahirisi ya hisa zote za Soko la Hisa la Nairobi, NASI, yaani kipimo cha mwenendo wa bei za hisa zote sokoni, ilifunga mwaka kwa pointi 166.46. Mwaka uliofuata ilifunga kwa 127.47, na mwisho wa 2023 ilikuwa 92.11. Mtu aliyekuwa na hisa za shilingi 100,000 zilizokwenda sambamba na fahirisi hiyo alibaki na kama 55,300 baada ya miaka miwili, gawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwalipa wanahisa, likiwekwa kando. Kisha soko likageuka, na 2024 ikafunga kwa 123.48.

Katika kipindi hicho wako waliouza kila kitu bei zikiwa chini kabisa. Wako walioganda bila kufanya lolote, hata kufungua taarifa ya akaunti ikawashinda. Na wako walionunua kila bei iliposhuka kidogo, mpaka fedha zikawaishia kabla bei hazijamaliza kushuka. Kosa lao ni moja. Waliikodolea macho bei, na bei haikwambii lini utazihitaji fedha zako, wala kama kampuni yenyewe ni nzima au ni mgonjwa. Majibu ya maswali hayo mawili ndiyo yanayoamua uuze, ushike au uongeze.

Tahadhari moja kabla ya hatua zenyewe. Ushauri mwingi unaosambaa mtandaoni umetoka Marekani, na umejengwa juu ya imani kwamba soko likianguka hurudi tu. Kwao imekuwa hivyo mara nyingi: S&P 500, fahirisi ya kampuni kubwa 500 za huko, ilishuka asilimia 34 kati ya 19 Februari na 23 Machi 2020, na kufikia Agosti ilikuwa imerudi ilikotoka. Sasa tazama fahirisi ya hisa 20 za Nairobi. Januari 2007 ilivuka 6,000. Machi 2009 ilikuwa chini ya 2,500. Mwisho wa 2023 ilikuwa karibu 1,500. Japani nayo ilingoja kuanzia 1989 hadi Februari 2024 ndipo fahirisi ya Nikkei ikavuka kilele chake cha zamani. Kwa hiyo anayekwambia "shika tu, itarudi" amekupa nusu ya ushauri. Ziko hisa zinazorudi na ziko zisizorudi kabisa, na kazi yako ni kuzitenganisha.

Hatua ya 1: Jua bei zinashuka kwa nini

Usiguse kitu kabla ya kujibu swali hili. Mporomoko huja kwa sura tatu, na kila moja ina namna yake ya kukabiliwa.

Ya kwanza ni hofu ya ghafla. Tarehe 13 Machi 2020, siku Kenya ilipotangaza mgonjwa wa kwanza wa COVID-19, fahirisi ya hisa 20 ilishuka kwa zaidi ya asilimia 5 na biashara ikasimamishwa sokoni. Siku kama hiyo watu huuza chochote kilicho karibu. Bei inaweza kuanguka sana ilhali kampuni ni ile ile ya jana. Hapa usiuze siku hiyo hiyo, isipokuwa kama una deni linalokudai kesho.

Ya pili ni ukame wa fedha. Huu huja polepole na hudumu muda mrefu, nao ndio uliotukumba 2022 na 2023. Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba kutoka karibu sifuri Machi 2022 hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.50 Julai 2023. Benki Kuu ya Kenya nayo ilitoka asilimia 7 mwanzoni mwa 2022 hadi asilimia 13 mwezi wa Februari 2024, na mwezi huo huo serikali ikauza hatifungani ya miundombinu, yaani mkopo wa muda mrefu ambao serikali huchukua kwa wananchi, isiyokatwa kodi, kwa riba ya asilimia 18.46. Mtu anayeweza kupata asilimia 18 kutoka serikalini hatakubali hisa inayompa gawio la asilimia 3 au 4. Ataiuza, au ataingoja ishuke mpaka gawio lake lilingane na hatari anayoibeba.

Juu ya hayo kulikuwa na suala la shilingi, ambalo wawekezaji wengi wa ndani hawakulipigia hesabu. Mwisho wa 2021 dola moja ilikuwa kama shilingi 113. Mwisho wa 2023 ilikuwa kama 156. Mgeni aliyeleta dola 1,000 alipata shilingi 113,000. Kama hisa zake zilifuata NASI, alibaki na takriban 62,500, na alipozigeuza kuwa dola alipata kama 400 tu. Wewe uliye Nairobi ulipoteza asilimia 45, yeye alipoteza asilimia 60. Hapo utaelewa kwa nini wageni waliuza bila kujali bei, na kwa nini waliuza Safaricom, benki za Equity na KCB, na kampuni ya bia ya EABL. Hawakuziona kampuni hizo kuwa mbaya. Ni kwamba hizo ndizo hisa zenye wanunuzi wa kutosha, mtu akitaka kutoka na fedha nyingi. Katika ukame wa fedha, hisa bora zinaweza kushuka zaidi kuliko hisa dhaifu ambazo hakuna anayezigusa. Hisa ambayo bei yake imesimama tuli usiidhanie kuwa salama. Huenda haijauzwa kwa wiki nzima.

Ya tatu ni ugonjwa wa kampuni moja au sekta moja. Hapa soko lote linaweza kuwa sawa huku hisa yako peke yake inazama. Hatua ya 4 inahusu hili kwa kirefu.

Hatua ya 2: Panga fedha zako kwa tarehe

Chukua karatasi, ugawe fedha zako zote mafungu matatu kulingana na siku utakayozihitaji.

Fungu la kwanza ni la matumizi ya miezi 3 hadi 6, pamoja na kila malipo unayoyajua tayari: karo ya Januari, kodi ya nyumba, matibabu, mchango wa chama. Hili halikai kwenye hisa hata kidogo. Liweke kwenye mfuko wa soko la fedha au akaunti ya akiba ya benki. Kuna kosa la kawaida hapa: watu huhesabu akiba yao ya Sacco kama fedha ya dharura. Akiba ile inayokupa haki ya kukopa kwa kawaida huwezi kuitoa mpaka ujitoe uanachama, na kujitoa huchukua muda. Ihesabu kama dhamana ya mkopo, usiihesabu kama fedha iliyo mkononi.

Fungu la pili ni fedha utakazozihitaji kati ya mwaka 1 na miaka 4. Mahali pake ni dhamana za serikali (hatifungani na hati za muda mfupi) zinazokomaa kabla ya siku hiyo, na unaweza kuzinunua mwenyewe kwa jukwaa la DhowCSD la Benki Kuu bila kumpitia mtu.

Fungu la tatu ni fedha usizozihitaji kwa miaka 5 au zaidi. Hizi ndizo za hisa.

Sasa linganisha na hali halisi. Ukikuta una hisa za shilingi 300,000, na 120,000 kati yake ni karo ya miezi minane ijayo, basi hiyo 120,000 iuze hata kama ni kwa hasara. Ni uamuzi mchungu, na watu wengi hukataa kuufanya. Lakini karo haitangoja bei ipande, na kulazimika kuuza mwezi wa Desemba, wakati na wenzako wanatafuta karo, kunaweza kukugharimu zaidi.

Kama ulinunua kwa mkopo, anza na mkopo. Mwaka 2008 wengi walikopa benki kuomba hisa za Safaricom zilipotolewa kwa shilingi 5. Maombi yalizidi hisa zilizokuwepo mara kadhaa, waombaji wengi wakapata sehemu ndogo tu, na kufikia mapema 2009 bei ilikuwa chini ya shilingi 3 huku riba ya mkopo ikiendelea kuhesabiwa. Hesabu yake ni nyepesi: mkopo wa asilimia 14 kwa mwaka unataka hisa yako ikupe zaidi ya asilimia 14 kila mwaka, ndipo uanze kupata shilingi ya kwanza ya faida. Soko likiwa linashuka, kulipa mkopo huo ndiyo faida ya uhakika kuliko zote utakazopata mwaka huo.

Hatua ya 3: Orodhesha ulicho nacho

Omba taarifa ya akaunti yako ya CDS, ile inayotunza hisa zako kielektroniki, kutoka kwa dalali wako, au ifungue kwa simu kupitia programu ya CDSC, kampuni inayosimamia akaunti hizo. Usitegemee kumbukumbu. Andika kwa kila kampuni idadi ya hisa, bei ya leo, thamani yake leo, gawio la mwisho kwa kila hisa, na asilimia inayochukua katika jumla yote.

Bei uliyonunulia iache nje ya orodha. Hata ukiiandika, haina kazi katika uamuzi wa leo. Swali unalopaswa kujiuliza kwa kila mstari ni hili: kama hisa hizi zingekuwa fedha taslimu mkononi mwangu asubuhi hii, ningenunua kampuni hii kwa bei ya leo? Ukijibu ndiyo, shika. Ukijibu hapana, na sababu pekee ya kushika ni kwamba unangoja bei "irudi nilipoinunulia", hapo unamngojea mtu mwingine aje anunue kwa bei ambayo wewe mwenyewe usingeitoa.

Wakati uko huko, hakikisha namba ya simu na akaunti ya benki ya kupokelea gawio ni sahihi. Gawio lisilodaiwa kwa muda mrefu hupelekwa kwa mamlaka ya mali zisizodaiwa, na kulirudisha ni safari ya makaratasi. Soko likiwa chini, gawio ndilo pato pekee linalokufikia, kwa hiyo usilipoteze kwa sababu ya laini ya simu uliyoibadilisha zamani.

Hatua ya 4: Pima afya ya kampuni

Hapa ndipo penye kazi kubwa. Tenga jioni moja kwa kila kampuni, ukiwa na ripoti zake za miaka mitatu.

Anza na fedha taslimu. Faida inaweza kuandikwa kwenye vitabu bila shilingi kuingia. Tafuta mstari wa fedha zilizotokana na shughuli za biashara katika taarifa ya mtiririko wa fedha. Kama faida inapanda miaka mitatu mfululizo huku mstari huo ukipungua au ukienda chini ya sifuri, kampuni inauza kwa mkopo usiolipwa au bidhaa zinajazana ghalani. Huo ni ugonjwa.

Pili, madeni. Angalia yanaiva lini na ni ya sarafu gani. Kampuni inayopata shilingi na kudaiwa dola iliumia mara mbili 2022 na 2023, kwa kuwa riba ilipanda na shilingi ikaanguka. Gawanya faida kabla ya riba na kodi kwa riba inayolipwa kwa mwaka. Ukipata 4 au zaidi, kampuni inapumua vizuri. Chini ya 2, mwaka mmoja mbaya unaweza kuiangusha.

Tatu, sentensi za mkaguzi. Wengi huruka kurasa hizo. Ukikuta mkaguzi ameandika kwamba kuna mashaka makubwa kuhusu uwezo wa kampuni kuendelea na shughuli zake, au kwamba madeni ya muda mfupi yamezidi mali za muda mfupi, usingoje ripoti ya mwaka ujao. Kampuni iliyoorodheshwa inatakiwa pia kutoa onyo pale inapotarajia faida yake kushuka kwa asilimia 25 au zaidi. Onyo moja katika mwaka mgumu kwa uchumi wote linaeleweka. Maonyo miaka miwili mfululizo, wakati washindani wake wanapata faida, maana yake tatizo liko ndani.

Kwa benki, vipimo ni vingine. Tazama mikopo isiyolipika kama sehemu ya mikopo yote na jinsi inavyobadilika robo kwa robo. Kisha tazama mtaji. Benki Kuu inataka mtaji wa msingi usiopungua asilimia 10.5 ya mali zilizopimwa kwa hatari (mikopo na mali nyingine za benki, kila moja ikihesabiwa kwa uzito wa hatari yake), na mtaji wote usiopungua 14.5. Benki iliyo juu ya mpaka kwa nukta chache tu ina uwezekano mkubwa wa kukata gawio au kuja kuwaomba wanahisa fedha. KCB ilipata faida 2023 lakini haikugawa chochote kwa mwaka huo, na bei ya hisa yake ilifunga mwaka chini ya shilingi 25. Aliyesoma vitabu aliona biashara inayotengeneza fedha na inayolinda mtaji wake. Aliyesoma bei peke yake aliona benki inayozama. Mwisho wa 2024 hisa hiyo ilikuwa juu ya 40, na gawio lilikuwa limerudi.

Sasa uone upande wa pili. ARM Cement iliwekwa chini ya wasimamizi Agosti 2018 na hisa zake zikasimamishwa sokoni. Mumias Sugar iliingia mikononi mwa mrasimu, yaani msimamizi anayewekwa na wadai, 2019, ikasimamishwa pia. Kenya Airways ilisimamishwa Julai 2020 na hisa zake zikarudi kuuzwa Januari 2025, yaani miaka minne na nusu ambayo mwenye hisa hakuweza kuuza hata moja sokoni, hata kwa hasara. Kampuni zote tatu zilikuwa na madeni mazito yaliyoonekana kwenye vitabu miaka kadhaa kabla. Walioongeza hisa hizo kwa sababu "zimekuwa rahisi" walichanganya bei ndogo na urahisi. Hisa ya senti 50 inaweza kuwa ghali mno kama nyuma yake hakuna kitu kitakachobaki baada ya wadai kulipwa, maana mwenye hisa hulipwa wa mwisho kabisa.

Kampuni ikitoa hisa mpya kwa wanahisa wake wakati soko liko chini, uliza fedha hizo zinakwenda wapi. Zikienda kulipa deni la zamani bila mpango mpya wa biashara, huna sababu ya kuchangia. Ila usikae kimya: haki ya kununua hisa hizo huweza kuuzwa sokoni kwa siku chache, na zikipita inapotea bure.

Hatua ya 5: Kama unauza, uza kwa mpangilio

Soko la Nairobi hufunguliwa saa tatu na nusu asubuhi na kufungwa saa tisa alasiri. Bei ya hisa moja haiwezi kusogea zaidi ya asilimia 10 kwa siku, juu au chini. Hisa ya shilingi 20 haiwezi kushuka chini ya 18 leo, kesho 16.20, keshokutwa 14.58. Mpaka huo unazuia kuanguka kwa kishindo, lakini una madhara yake. Bei ikigonga chini, wanunuzi hujiondoa wakingoja kesho iwe chini zaidi, na wewe unabaki kwenye foleni ya wauzaji. Kwa hiyo usidhani unaweza kutoka siku yoyote utakayotaka.

Kosa linalowala watu fedha nyingi ni oda ya bei ya soko, ile unayomwambia dalali "uza kwa bei iliyopo". Tuseme una hisa 4,000 na bei unayoiona kwenye simu ni shilingi 18.20. Unatarajia shilingi 72,800. Lakini ukifungua orodha ya wanunuzi unakuta hivi:

Hisa 300 kwa 18.20
Hisa 1,200 kwa 18.00
Hisa 500 kwa 17.50
Hisa 2,000 kwa 17.00

Oda yako inawashukia wote, mmoja baada ya mwingine, na kukuletea 69,810. Wastani ni 17.45 kwa hisa. Umepoteza 2,990 kabla ya ada ya dalali, na umewaonyesha wote kuwa kuna mtu mwenye haraka.

Badala yake toa oda yenye bei ya mwisho, yaani "usiuze chini ya 18.00". Zile 1,500 za kwanza zitauzwa, zilizobaki zitangoja. Ziuze kwa mafungu ndani ya siku tatu au nne. Mwulize dalali oda yako itadumu kwa siku ngapi, kwa sababu nyingine hufa jioni ile ile na mwenye hisa anakaa wiki nzima akidhani iko sokoni. Malipo huja siku ya tatu ya kazi baada ya kuuza. Ukiuza Alhamisi, fedha zitafika Jumanne, kwa hiyo usimwahidi mwenye nyumba Ijumaa.

Piga hesabu ya gharama kabla hujaamua "nitauza sasa, ninunue tena zikishuka". Tuchukulie unalipa takriban asilimia 2 kila upande. Kiwango chako halisi kiko kwenye hati ya kila muamala. Ukiuza kwa 20 unabaki na 19.60. Ili upate idadi ile ile ya hisa, bei inabidi ishuke mpaka kama 19.20. Isiposhuka hapo, au ikishuka na wewe ukasita, umepoteza. Na kama tarehe ya kufunga daftari la wanahisa, siku kampuni inapoorodhesha watakaolipwa gawio, imepita ukiwa nje, gawio nalo limekwenda. Mara nyingi anayeuza kwa mpango wa kurudi harudi, kwa sababu siku bei inapofika alipoitaka, habari huwa mbaya kuliko siku aliyouza.

Jambo jema ni kwamba faida ya kuuza hisa zilizoorodheshwa Nairobi haitozwi kodi ya ongezeko la mtaji. Ubaya wake ni kwamba hata hasara yako haikupunguzii kodi popote, kwa hiyo usiuze kwa sababu ya kodi.

Hatua ya 6: Kama unanunua, nunua kwa mafungu yaliyopangwa

Hakuna anayejua chini ni wapi. Anayekwambia anajua, hasa kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram ambako "wataalamu" huongezeka kila soko linapoanguka, muulize leseni yake ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, kisha uikague mwenyewe kwenye orodha ya mamlaka hiyo.

Chukua fedha za fungu la tatu tu, na kampuni zilizofaulu Hatua ya 4 tu. Gawa mara 6 au 8. Weka tarehe, mathalani tarehe 5 ya kila mwezi, na ununue siku hiyo bila kujali habari. Huu hapa mfano wa shilingi 60,000 kwa miezi sita, 10,000 kila mwezi, bei ikishuka kutoka 40 hadi 14:

Kwa 40, hisa 250
Kwa 32, hisa 312
Kwa 26, hisa 384
Kwa 20, hisa 500
Kwa 16, hisa 625
Kwa 14, hisa 714

Jumla ni hisa 2,785, na wastani wa bei ni kama 21.50 kabla ya ada. Aliyenunua zote mwezi wa kwanza ana hisa 1,500. Bei ikirudi 25 tu, mbali na ile 40, wako una thamani ya 69,625 na wake 37,500.

Mfano huo una mtego, na ndiyo maana Hatua ya 4 imetangulia. Hesabu ile ile, ikitumiwa kwa kampuni inayokufa, inakupa hisa nyingi zaidi za kitu kisichokuwepo. Weka mpaka kabla ya kuanza: kampuni moja isizidi asilimia 20 au 25 ya hisa zako zote. Ukiufikia, acha kununua, hata kama bei inakuvutia vipi. Na kila ripoti mpya ikitoka, pima tena. Kampuni ikikata gawio na madeni yakaongezeka kwa pamoja, simamisha mafungu yaliyobaki.

Usijiwekee oda nyingi za kununua kila shilingi moja bei inaposhuka. Aliyefanya hivyo 2022 alimaliza fedha zake mwaka huo huo, na 2023 ikamkuta akitazama tu.

Kwa aliye Muscat, London au Minneapolis anayetuma fedha nyumbani, hesabu ya shilingi inafanya kazi kinyume na ya yule mgeni. Dola 1,000 za mwisho wa 2023 zilikuwa shilingi 156,000. Zikifuata NASI hadi mwisho wa 2024 zilifika kama 209,000, na kwa kuwa dola ilikuwa imerudi kama 129, hiyo ni takriban dola 1,620. Shilingi ikiwa imelegea na bei ziko chini kwa wakati mmoja, fedha yako ya nje inanunua mara mbili. Lakini ukumbuke kuwa gawio la asiye mkaazi hukatwa asilimia 15, wakati mkaazi hukatwa 5.

Hatua ya 7: Tumia gawio kama kipimo

Gawio la mwaka gawanya kwa bei ya leo. Safaricom ilitoa shilingi 1.39 kwa mwaka wake wa fedha ulioishia Machi 2022. Kwa bei ya 40 hiyo ni kama asilimia 3.5. Mwaka uliofuata ilitoa 1.20. Kwa bei ya 14, ambayo watu waliikimbia, hiyo ni asilimia 8.6. Gawio lilipungua kwa senti 19, bei ilipungua kwa karibu theluthi mbili. Tofauti kubwa ya namna hiyo kati ya kilichotokea kwenye biashara na kilichotokea kwenye bei ndiyo unayoitafuta. Zile hisa 2,785 za mfano wetu, kwa gawio la 1.20, zingeleta 3,342, na baada ya kodi ya asilimia 5, kama 3,175 mkononi.

Lakini gawio la asilimia 15 au 20 kwa bei ya leo lisikuvute upesi. Mara nyingi ni gawio la mwaka jana lililogawanywa kwa bei ya kampuni ambayo soko linajua haitalipa tena. Linganisha gawio na fedha zilizotokana na shughuli. Kampuni inayolipa zaidi ya inachoingiza inakulipa kwa mkopo. Na hata kampuni nzuri inaweza kusitisha: Mei 2020 Equity iliondoa gawio ililokuwa imependekeza ili kulinda mtaji wakati wa korona. Usipange karo juu ya gawio lisilotangazwa.

Hatua ya 8: Jua ukame unaisha lini, na upunguze

Dalili ya kuaminika zaidi kwetu ni riba ya serikali. Fuatilia matokeo ya mnada wa hati za siku 91, mikopo ya muda mfupi ya serikali, kila wiki. Mapema 2024 zilikuwa juu ya asilimia 16. Agosti 2024 Benki Kuu ilianza kushusha riba yake, kutoka 13 hadi 12.75, na kufikia Desemba ilikuwa 11.25. Riba ya hati ikishuka minada kadhaa mfululizo na shilingi ikatulia, fedha huanza kurudi kwenye hisa, na huanzia kwenye zile zile kubwa zilizouzwa kwanza. Ukingoja magazeti yatangaze kuwa soko limepona, theluthi ya safari huwa imekwisha.

Bei zikipanda, rudia orodha ya Hatua ya 3 kila miezi sita. Tuseme kampuni uliyoinunua kwa mafungu sasa ni shilingi 210,000 katika jumla ya hisa za 600,000, yaani asilimia 35, na mpaka wako ni 25. Uza za shilingi 80,000, kwa oda yenye bei ya mwisho, kwa siku tatu, na uzipeleke kwenye fungu la pili. Hapo kampuni hiyo inabaki na 130,000, robo ya hisa za 520,000 zinazobaki, na una hatifungani zitakazokomaa kukupa fedha ya kununulia bei zitakaposhuka tena.